Kivuli Ndicho Kinachoisimamisha Bidhaa

Picha nyingi za katalogi ninazoletewa nizipange zina kasoro ileile: bidhaa imekatwa vizuri, ikawekwa juu ya weupe, na sasa inaelea. Mteja akisema picha imepooza, wengi hukimbilia kukoleza rangi. Haisaidii. Jicho linatafuta mahali kitu kilipokanyaga.

Kwa hiyo mimi huanzia chini. Pale bidhaa inapogusa sakafu nachora kivuli chembamba, kilichokolea, chenye ukungu kidogo sana. Hicho ndicho kinachoipa uzito. Kisha naongeza cha pili, kipana na hafifu, kinachoelekea upande ulio kinyume na taa na kufifia kadiri kinavyokwenda mbali. Kivuli cha kubofya mara moja kwenye programu, kile kinachozunguka bidhaa yote kwa upana uleule, nakiepuka kabisa, maana huifanya ionekane kama stika iliyobanduka kidogo.

Lakini kabla ya kuchora chochote, tazama mwanga ulitoka wapi. Ukurasa mmoja ukiwa na birika lililoangaziwa kutoka kushoto na sufuria iliyoangaziwa kutoka kulia, hakuna kivuli kitakachozipatanisha. Unaweza kugeuza picha moja kama haina maandishi; shati usiligeuze, vifungo vitahamia upande usio wake.

Kwenye bidhaa yenyewe napitisha brashi laini tu: nang'arisha kidogo upande wa taa, natia giza kidogo upande wa pili. Kuongeza kontrasti, yaani tofauti ya mwanga na giza, kwa picha nzima huua undani wa kitambaa na ngozi, nami naona hasara hiyo ni kubwa mno.

Sasa karatasi. Matone ya wino husambaa yanapofyonzwa, hasa kwenye karatasi isiyong'aa, hivyo kivuli kilichopendeza kwenye skrini hutoka kizito kama tope. Kipunguze mapema, na uwaulize wachapaji kikomo chao cha jumla ya wino, yaani asilimia za rangi zote nne za uchapaji zikijumlishwa mahali pamoja: karatasi ya gazeti mara nyingi huishia karibu asilimia 240, ya kung'aa hufika 300 au zaidi. Kwa upande mwingine, nukta za wino zinazofunika chini ya asilimia 2 au 3 ya eneo huenda zisishike kabisa, na kivuli chako laini kikakatika ghafla ukingoni. Omba sampuli iliyochapwa kwenye karatasi ileile ya katalogi, uitazame ukingo huo kwanza.