Rauta mbili nyumba moja: nilivyojitesa wiki nzima na mtandao wa nyumbani

Mi sio fundi wa mitandao, niseme mapema. Nilichonacho ni kompyuta mbili, laptopu, printa ya kizee na watu wa nyumbani ambao neti ikikata sekunde kumi tu wanaliita jina langu. Kwa hiyo nimejifunza kwa lazima.

Nianze na kisa cha rauta mbili maana ndo kilichonitoa jasho. Rauta ya kampuni ya intaneti ilikuwa sebuleni na chumba cha mwisho waifai haifiki, nikajiongeza, nikatoa rauta ya zamani iliyokuwa imelala kabatini, nikavuta waya kutoka ile ya kwanza nikachomeka kwenye tundu lolote la hii ya zamani, taa zikawaka, nikajipongeza. Aisee. Asubuhi laptopu ina neti, mchana haina, printa inaonekana kwenye simu lakini kwenye kompyuta haipo, ukizima ukawasha inakubali halafu kesho yake yale yale. Wiki nzima naisema vibaya kampuni ya watu na wala kosa halikuwa lao.

Kumbe shida ilikuwa hivi. Kila kifaa kikiingia kwenye mtandao kinaomba namba, ile anwani ya IP, na anayezigawa ni huduma inaitwa DHCP ambayo inakaa ndani ya rauta. Sasa mi nilikuwa na wagawaji wawili. Kifaa kinauliza "nani atanipa namba?" na wa kwanza kujibu ndo anasikilizwa. Rauta ya sebuleni ilikuwa inagawa namba za 192.168.1, ya chumbani inagawa za 192.168.0, na ukishapewa na ile ya chumbani unaambiwa pia kwamba mlango wa kutokea nje ni yeye, wakati yeye mwenyewe hana pa kutokea! Ndo maana ukizima na kuwasha mara inakubali mara inagoma, ni bahati tu ya nani kawahi kujibu.

Dawa yake haina gharama. Chukua rauta ya zamani kabla hujaiunganisha na nyenzake, chomeka laptopu kwa waya, ingia kwenye setingi zake, ipe namba yake mwenyewe isiyogongana na mtu (kama ile kubwa ni 192.168.1.1 basi hii ipe 192.168.1.2, ila hakikisha namba hiyo haimo kwenye zile ambazo rauta kubwa inagawa), halafu zima DHCP. Baada ya hapo unganisha waya tundu la LAN (la vifaa vya ndani) kwa tundu la LAN, lile la WAN (la kuelekea intaneti) ambalo mara nyingi lina rangi yake tofauti liache wazi. Imekwisha, sasa hiyo ni swichi (kisanduku cha kuunganishia vifaa kwa waya) yenye waifai. Na namba uliyoipa iandike kwenye karatasi ubandike chini yake, usiniambie utakumbuka, mi pia nilisema ntakumbuka na nikaishia kuiriseti yote upya.

Siku hizi neti ikisumbua sikimbilii kupiga simu. Kwenye Windows nafungua lile dirisha jeusi naandika ipconfig, naangalia namba. Ikianza na 169.254 maana yake hakuna aliyeipa mashine namba, imejitungia yenyewe, basi shida iko hapo hapo ndani, waya au mgawaji. Ikiwa na namba ya kawaida naipingi rauta, yaani naandika ping na namba yake kuona kama inajibu, ikijibu na bado hamna intaneti, hapo sasa nageukia upande wa rauta kwenda nje.

Tuje kwenye waya, na hapa kuna ujinga wangu wa pili. Nyumbani kebo ya Cat5e inatosha kabisa, inabeba gigabiti moja (megabiti 1000) kwa sekunde mpaka mita 100, usikubali kutishwa na majina makubwa. Ila ukibana vichwa vya kebo mwenyewe fuata rangi za zile nyaya nane za ndani. Mi nilidhani ili mradi pande zote mbili zifanane basi poa, nikazipanga nilivyoona zinapendeza, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Tesita, kile kifaa cha kupimia kebo, ikawasha taa zote nane kwa mpangilio safi kabisa, lakini mafaili yanahama kwa kusuasua na mara yanakatika. Sababu ni kwamba zile nyaya zimesokotwa mbili mbili kwa makusudi, ili jozi moja isiingiliane na nyingine, na waya wa 3 unatakiwa uwe jozi na wa 6, sio na wa 4. Tesita ya kawaida haijui hayo, yenyewe inaangalia tu kama umeme unapita. Mpangilio wenyewe ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia, kote kuwili. Na ukiona kompyuta inasema spidi ya waya ni megabiti 100 badala ya 1000 na vifaa vyako vyote ni vya gigabiti, kata kichwa ubane upya, kuna waya haujagusa, maana 100 inahitaji nyaya nne tu na gigabiti inazitaka zote nane.

Halafu usichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi hiyo hiyo. Nacheka lakini ilinitokea nikiwa nafanya usafi nyuma ya meza, nyumba nzima ikafa.

Waifai sina mengi. Ile ya 2.4 GHz inafika mbali ila ina msongamano, chagua chaneli ya 1, 6 au 11 basi, ile ya 5 GHz ina kasi ila kuta zinaimaliza. Kwenye ulinzi wa waifai weka WPA2 au WPA3, zima WPS (ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN), na paswedi ya kuingilia kwenye setingi za rauta ibadilishe pia, ile sio sawa na ya waifai na wengi wanaiacha kama ilivyotoka kiwandani.

Printa nimeifungia namba yake ndani ya rauta, kila ikiwaka inapewa ile ile, na tangu hapo haijapotea tena. Folda za kusheya zikigoma jaribu kuifungua mashine kwa namba badala ya jina. Ikifunguka kwa namba ujue mtandao uko sawa na kinachosumbua ni jina tu, isipofunguka kaangalie kama Windows haijauweka mtandao wako kwenye kundi la hadhara (Public), ukiwa huko inajificha isionekane na wenzake.

Ile rauta ya kabatini bado iko chumba cha mwisho, taa moja imeshakufa na karatasi yake chini imeanza kubanduka, ila inapiga kazi.