Bia moja, wenyewe wawili

Mhariri,

Wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: ni bidhaa gani mnayoishika mara kwa mara ambayo mwenyewe si yule mnayemdhania? Mimi naitaja Corona, bia ya Meksiko, kwa sababu nilitunza stoo ya hoteli moja ya kitalii kaskazini mwa Unguja kwa miaka minne, na katoni zake zimepita mikononi mwangu kwa mamia. Wageni wengi waliamini kwamba chupa ile ni mali ya Wameksiko, na Wamarekani waliamini kwamba anayeiuza kwetu ndiye anayeiuza kwao. Wote hao walikosea.

Kiwanda kilichoizaa Corona, Cervecería Modelo, kilifunguliwa jijini Mexico City mwaka 1925 mbele ya Rais Plutarco Elías Calles. Aliyekianzisha, Braulio Iriarte, alikuwa mhamiaji kutoka Hispania aliyepata mali yake katika unga na mikate. Miongoni mwa waliotia fedha zao alikuwamo Pablo Díez, mzaliwa wa mkoa wa León nchini Hispania, aliyefika Meksiko mwaka 1905 na ambaye naye alitajirika kwa mikate na hamira. Halikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa anayeijua hamira ya mkate hayuko mbali na chachu ya bia. Iriarte alifariki mwaka 1932, na kufikia 1936 Díez ndiye aliyekuwa na hisa nyingi. Kampuni ilivinunua pia viwanda vingine kimoja baada ya kingine: kile cha Toluca kilichokuwa kikitengeneza Victoria mwaka 1935, kisha kile cha Mazatlán kinachotoa Pacífico mwaka 1954. Kwa hiyo hata tangu zama hizo, bia iliyoitwa ya Wameksiko ilikuwa mikononi mwa familia ya wahamiaji wa Kihispania, na baada ya Díez usukani ulishikwa na Antonino Fernández, mume wa mpwa wake, mzaliwa wa kijiji cha Cerezales del Condado katika mkoa uleule wa León. Fernández alipofariki mwaka 2016, magazeti ya nchi nyingi yalitangaza kwamba amewaachia wanakijiji wote mamilioni, kila mmoja fungu lake. Habari hiyo ilikuwa ya uongo. Alichokiacha kijijini ni taasisi ya utamaduni.

Kabla ya kuendelea na wenyewe, niruhusuni nizungumzie chupa, kwa kuwa ndiyo iliyoiuza bia hii. Ni ya kioo cheupe kisicho na rangi, na maandishi yake hayakubandikwa kwa karatasi bali yamechapwa juu ya kioo chenyewe, kiasi kwamba hata ikilala kutwa kwenye ndoo ya barafu hayabanduki. Watengenezaji wengi wa bia hutumia kioo cha kahawia kwa sababu ya msingi: mwanga wa jua hushambulia ule uchungu unaotokana na hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, na kuzalisha dutu yenye harufu mbaya. Nililijua hilo kwa kosa langu mwenyewe. Siku ya harusi moja nilizitoa chupa 24 kwenye katoni asubuhi na kuzipanga juu ya meza kando ya bwawa la kuogelea, ili zipendeze kwenye picha. Hadi saa tisa alasiri kila iliyofunguliwa ilikuwa ikinuka kama kicheche amepita. Kipande cha ndimu kinachosukumwa mdomoni mwa chupa kiliiokoa siku, maana kiliifunika harufu hiyo, na wageni wakasifu.

Chupa hiyohiyo ndiyo iliyoivusha mpaka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 Corona ilianza kuuzwa Marekani, hasa Texas na California, na vijana waliokuwa wameionja kwenye fukwe za Meksiko wakaipokea kama kumbukumbu ya likizo. Biashara ilipanda kwa kasi ya kutisha washindani. Mwaka 1987 ulizuka uvumi kwamba bia ile ya njano ina mkojo wa wafanyakazi wa kiwandani. Kampuni ya Barton ya Chicago, iliyokuwa ikiiagiza, iliufuatilia uvumi huo hadi ikamfikia msambazaji wa bia shindani katika mji wa Reno, Nevada, ikamshtaki, na shauri likamalizwa nje ya mahakama baada ya msambazaji huyo kukubali kutangaza hadharani kwamba Corona ni safi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1997, Corona iliipita Heineken na kuwa bia ya kigeni inayouzwa zaidi nchini Marekani.

Ndipo wanunuzi wakubwa walipoingia. Anheuser-Busch, kampuni ya bia ya Marekani, ilianza kununua hisa za Modelo mwaka 1993 na kuendelea hadi zikafika nusu. Mwaka 2008 Anheuser-Busch yenyewe ikamezwa na InBev ya Ubelgiji, zikawa kampuni moja iitwayo AB InBev, na mwaka 2012 AB InBev ikatangaza kwamba itainunua nusu iliyobaki kwa dola bilioni 20.1. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikwenda mahakamani Januari 2013 kuuzuia ununuzi huo, kwa hoja kwamba kampuni moja ingeshika takriban asilimia 46 ya soko la bia la nchi nzima na kupandisha bei itakavyo. Suluhu iliyopatikana mwaka huohuo ndiyo inayonifanya niitaje Corona katika jibu hili. AB InBev iliruhusiwa kuichukua Modelo, lakini haki ya kuiuza Corona ndani ya Marekani ilikabidhiwa milele kampuni nyingine, Constellation Brands, pamoja na kiwanda cha kisasa karibu na Piedras Negras, kaskazini mwa Meksiko, kwa jumla ya dola bilioni 4.75. Tangu hapo Corona ya Marekani na Corona ya nchi nyingine zina picha ileile ya taji, lakini zinatoka katika viwanda vya kampuni mbili zisizopendana.

Kwamba hazipendani si maneno yangu. Constellation ilipotoa maji ya gesi yenye kilevi na ladha ya matunda, ikayapa jina la Corona, upande wa AB InBev ulishtaki mwaka 2021 ukidai kwamba mkataba uliruhusu bia tu. Wazee wa baraza huko New York walilazimika kuketi na kuamua bia ni nini hasa, na mwaka 2023 wakaipa ushindi Constellation. Rufaa iliyofuata nayo ikashindwa. Mtu angedhani swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani za Mafarao.

Nakumbuka mgeni mmoja kutoka Texas aliyeinusa Corona yetu, akaizungusha chupa mkononi, akasema kwamba si kama ya kwao. Mhudumu wa kaunta alimcheka. Pembeni yake, katika friji lilelile, zilikuwamo chupa za Safari kutoka bara, bia inayotengenezwa na kampuni ya TBL (Tanzania Breweries), na TBL iko chini ya AB InBev tangu AB InBev iliponunua SABMiller, iliyokuwa mwenyewe wa TBL, mwaka 2016. Corona aliyoishika mgeni yule na Safari aliyokuwa akiinywa dereva wake zina mwenyewe mmoja; iliyokuwa ya mtu mwingine ni ile aliyoiacha nyumbani.

Msomaji, Unguja