Kwa Anayeanza Ajira Dar es Salaam: Zijue Saa Zako Mapema

Katika kushughulikia masuala ya watumishi hapa jijini, nimewapokea vijana wengi wanaousoma kwa makini ukurasa wa mshahara katika mkataba na kuuruka ule wa saa za kazi, ilhali huo ndio utakaoamua kama watawakuta watoto wao wakiwa macho. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kwenda Posta hutumia muda mwingi kwenye foleni, na muda huo hauingii katika hesabu ya mwajiri. Kwa hiyo saa zinazohesabiwa hazina budi kulindwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, bila kuhesabu saa za ziada. Hizo za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 katika wiki 4, na kila moja hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Jambo lisilojulikana na wengi ni mapumziko: anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahili angalau dakika 60, na akitakiwa kubaki kaunta kusubiri wateja, muda huo unalipwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kinga hizi haimhusu anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, hivyo nakusihi uulizie saa kabla ya kuukubali umeneja.

Tangu wiki ya kwanza, uwe na daftari lako mwenyewe la kuandika saa ya kuingia, saa ya kutoka na aliyekuagiza ubaki, na uzihifadhi jumbe za kazi zinazotumwa usiku. Anayedai kwamba alikuwa akichelewa kutoka kila siku, bila tarehe hata moja, humwachia msuluhishi madai yasiyokokotoleka, na nimeona haki za wazi zikipotea hivyo.

Likizo ya mwaka ni siku 28; iombe kwa maandishi. Mgogoro ukishindikana kumalizwa ndani, upeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine, na ahadi za mdomo za mwajiri hazisimamishi hesabu hiyo.