"Run" sio kukimbia tu, hiyo list iweke pembeni

Mkuu simama hapohapo. Umesema una list ya maneno 1000 ya Kiingereza, kila neno na maana yake moja, unataka uyakariri mwezi huu uanze kutafsiri kwa malipo, na unauliza kamusi gani ya kwenye simu ni nzuri na ukurasa mmoja utoze vipi. Mimi nilikuwa na list kama hiyohiyo na imenikosesha kazi.

Kwenye list yangu "run" ilikuwa kukimbia, basi. Wale wa kamusi kubwa ya Oxford walipokipitia upya hicho kitenzi walikihesabia maana zaidi ya 600! Kampuni ikiendeshwa ni "run", pua ikichuruzika makamasi "run", nguo ikichuja rangi "run", programu ya kompyuta nayo humohumo. Mmarekani akigombea uongozi anasema "run", Mwingereza anasema "stand", yaani mmoja anakimbia mwenzie kasimama na wote wanatafuta kura 😂

Sasa sikia. Nilipewa kitabu cha maelekezo ya pampu za maji, kuna sehemu imeandikwa "never run the pump dry". Nikajua hapa hakuna kukimbia, "dry" ni kavu, nikaunganisha nikapata "usiikaushe pampu kamwe". Inasomeka vizuri, sarufi safi, hata aliyehakiki hakuona kitu. Kumbe wanasema usiiwashe pampu ikiwa haina maji! Yale maji inayovuta ndiyo yanayopoza na kulainisha sili ya kwenye shafti (kile kizibo kinachozuia maji yasivuje pale chuma kinapozunguka), yasipokuwepo inasuguana kavukavu na inaweza kuungua ndani ya dakika chache. Sasa msomaji wa sentensi yangu anaelewa akimaliza kazi asiifute, anaiacha na unyevu wake kwa uangalifu kabisa, halafu kesho anaiwasha tanki likiwa tupu. Fundi wa mteja ndiye aliyegundua, vitabu vimeshachapwa, vikatupwa vyote, sikulipwa na sikuitwa tena. Hela iliniuma ndio, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba ile sentensi ilikuwa onyo, imewekwa pale kumlinda mtu, na mimi nikaifuta.

Na mwalimu wa ile kozi ya mtandaoni aliyetupa list alikuwa anatuhimiza neno moja maana moja, kariri, songa mbele. Hasira zangu kwake hazijaisha mpaka leo. Angetuuliza tu "piga" maana yake nini? Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga kura, piga chafya, nani hapo kachapwa? Hakuna aliyekaririshwa piga peke yake, sote tuliisikia ikiwa na mwenzake.

Kwahiyo neno la Kiingereza usiliandike daftarini likiwa peke yake, KAMWE. Liandike na anayefanya na kinachofuata. "Run a company" mstari wake, "run the pump dry" mstari wake, "run into" mtu ni kukutana naye bila kutegemea, "run over" mtu ni kumgonga na gari, ukichanganya hapo umeshamuua mtu kwenye karatasi. Na ukifika kwenye sentensi ambayo kila neno unalijua lakini huoni mtu anafanya nini kwa mikono yake, muulize mteja kabla hujaandika. Yule fundi angenijibu kwa dakika mbili.