Moshi hauingii jichoni, mbona unapofusha?

SWALI: Assalaam alaikum, sheikh. Mimi ni dereva wa lori hapa Malaba, umri miaka 54, navuta pakiti moja kwa siku tangu ujana. Daktari wa macho amesema sigara inaniharibu jicho kwa ndani, na kweli nguzo za umeme nimeanza kuziona zimepinda. Lakini moshi nauvuta kwa mdomo! Kuvuta ni haramu au makuruhu tu, yaani bora kuacha? Upofu si kadari ya Allah? Na matone ya macho yanafunguza?

JIBU: Waalaikum salaam warahmatullah. Tuanze na hizo nguzo, maana fatwa inaweza kungoja, jicho haliwezi.

Moshi ukifika mapafuni huingia kwenye damu, na damu ndiyo inayolilisha jicho. Kaboni monoksidi hukalia nafasi ya oksijeni, nikotini hubana mishipa. Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea mwanga, na katikati yake sehemu ndogo, upana wake kama milimita 5, ndiyo tunayosomea msahafu na kutambulia sura za watu. Ikidhoofika, mishipa mipya mibovu inaweza kuchipua chini yake, ikavuja na kuiinua. Hapo kilichonyooka huonekana kimepinda. Hakuna maumivu. Hatari hiyo kwa mvutaji ni mara 2 hadi 4 ya asiyevuta. Mtoto wa jicho pia humwahi mvutaji, ila huyo hupasuliwa na lenzi ya plastiki ikawekwa. Retina haina spea.

Chukua daftari la hesabu la miraba, tia nukta ya wino katikati ya ukurasa. Vaa miwani yako ya kusomea, lishike sentimita 30 hivi kutoka usoni, funika jicho moja, tazama nukta tu. Kisha jicho la pili. Watu wengi hukosea hapa: hutazama kwa macho yote mawili, na jicho zima likamficha mgonjwa. Mistari ikipinda au pakiwa na doa jeusi, rudi kwa daktari siku hizi hizi, kwa sababu mishipa inayovuja hutibiwa kwa sindano ya jichoni, na kinachopotea kwa kuchelewa aghalabu hakirudi. Mpaka aseme unaona sawasawa, usishike usukani. Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana," na lori lina njia yote mbele yake.

Ama hukumu: tumbaku ilipowafikia Waislamu, baada ya mwaka 1000 Hijria, wanazuoni walihitilafiana, wengine wakasema makuruhu, wengine hata mubaha, yaani ruhusa, kwa kuwa madhara yake hayakuwa wazi. Leo yako wazi, na wengi wa wanazuoni wa zama hizi wameiharamisha kwa Qur'ani 2:195, "wala msijitupe kwa mikono yenu katika maangamizo." Nasi tuko nao. Wewe umeshaambiwa na daktari, kwa hiyo "makuruhu tu" hulipati kwetu.

Kuhusu kadari, Umar (r.a.) alipoghairi kuingia Sham (nchi za Syria na jirani zake) kwa ajili ya tauni, Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Akajibu: naam, tunaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Kuacha sigara nako ni kadari.

Ramadhani hapa Uganda unashinda zaidi ya saa 13 bila kuvuta, basi mwili unajua njia. Kazi iko magharibi: futuru kwa tende na maji, swali, na kiberiti kisiwe mfukoni. Siku 3 za mwanzo ndizo kali. Kiu ya sigara ikija hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Na ukinunua vidonge vya vitamini vya macho, epuka vyenye beta-karotini, kwani kwa mvutaji huzidisha hatari ya saratani ya mapafu.

Matone hayafunguzi, hata ukisikia uchungu kooni. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, jicho si tundu lililo wazi, ndiyo maana hata wanja haufunguzi. Uchungu huo hupita kwenye mfereji wa machozi. Tia tone moja, fumba jicho, bonyeza pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika 2. Kama dawa ni mbili, ngoja dakika 5 kati yake. Sigara ndiyo inayofunguza.