Kufufua mashine ya milingi ya CNC nyumbani: chuma kwanza, umeme baadaye

Mkuu, umesema umeipata milingi ya CNC (mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta) ya miaka ya 1980, kompyuta yake imekufa, mwenye nayo anaitoa kwa bei ya chuma chakavu, na unauliza ununue kontrola gani, yaani ubongo mpya wa kuiongoza. Ninayo ya rika hilo hapa Mwanga, Kigoma, uani kwangu, na leo inanichongea njia za kii kwenye shafti za boti. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyepitia: kontrola iache kwanza. Nenda kaione ukiwa na dayo geji mkononi, kile kipimo cha mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita.

Ule umeme wa ndani utautupa wote, uwe mzima au mbovu. Unachonunua ni chuma, njia za kutelezea na skrubu za gololi zinazosogeza meza. Hivyo vikiwa vimekwisha, hakuna programu itakayokuokoa.

Ng'ang'aniza geji kwenye spindo (mhimili unaozungusha kisu), ncha yake iguse kipande kilichofungwa mezani. Zungusha skrubu kwa mkono upande mmoja mpaka mshale utembee, weka sifuri, kisha rudisha taratibu. Mzunguko unaopotea kabla mshale haujaanza kurudi ndiyo pleyi. Ikiwa chini ya 0.05 mm, cheka kimoyomoyo na usimwonyeshe muuzaji. Ikifika 0.3 mm usikate tamaa haraka, maana mara nyingi nati ya gololi haina kosa: ni beringi za mwisho wa skrubu zimelegea, au nati inayozibana imerudi. Beringi zinabadilishika. Skrubu yenyewe ndiyo inayofilisi mtu.

Halafu sukuma meza mwisho hadi mwisho. Meza huchakaa katikati kwa sababu kazi nyingi hufanyika pale. Ukikaza vibanio vya njia za kutelezea meza ikiwa katikati hadi pleyi iishe, kisha meza ikagoma inapokaribia kingo, chuma kimeliwa. Kwa kazi zetu za boti na pampu bado utaishi nayo, ila bei ishuke.

Ukishaifikisha nyumbani na kuifungua, usiache chuma kilichosafishwa kikiwa wazi, hasa masika. Hapa kwetu kutu inaota usiku mmoja. Paka grisi bila huruma. Wajerumani walipoizamisha meli yao Ziwa Tanganyika mwaka 1916 walipaka injini grisi kwanza. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Milingi yako inasubiri vipuri tu, haitakaa chini ya maji. Njia za kutelezea zisafishe kwa mafuta ya taa na kitambaa, msasa usiziguse. Fuata kila kipaipu cha mafuta hadi mwisho wake uone kama mafuta yanatoka kweli. Vile vidogo vimeganda karibu kila mashine iliyolala muda mrefu.

Sasa umeme. Usikate waya hata mmoja kabla ya kuupa lebo na kupiga picha. Mota ya spindo ni ya fezi tatu, nyumbani una fezi moja. VFD (kifaa kinachogeuza fezi moja kuwa tatu na kurekebisha kasi ya mota) inayoingiza fezi moja ya volti 230 inatosha, lakini soma kibati cha mota kabla hujalipia. Kikisema 230 kwa pembetatu na 400 kwa nyota, ifunge kwa pembetatu, kwa sababu VFD hiyo haitoi zaidi ya inachopokea. Kikisema 400 kwa pembetatu, itazunguka legelege na utailaumu VFD bure. Na ukizima, usitie bisbisi mle mara moja: kapasita zinabaki na umeme wa kuua kwa dakika kadhaa.

Sevo za zamani za DC, zile mota zinazozungusha skrubu, usizidharau. Puliza vumbi, kagua kaboni, jaribu enkoda (kihisio kinachosema mota imezunguka kiasi gani). Ila rota usiichomoe ovyo, kuna za zamani ambazo sumaku zake hupoteza nguvu zikichomolewa. Stepa, mota zinazozunguka hatua kwa hatua, ni rahisi, lakini zikizidiwa hupoteza hatua kimya kimya na kazi inaharibika ukiwa unaitazama. Hesabu yake haina ugumu: hatua 200 kwa mzunguko, draivu (kifaa kinachoiendesha mota) igawe kila hatua mara 8, skrubu isogeze meza 5 mm kwa mzunguko, unapata hatua 320 kwa kila milimita.

Kontrola uliyokuwa unaiulizia: LinuxCNC, programu ya kompyuta. Ni ya bure, asili yake ni kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, na inakubali kompyuta ya mezani ya kizamani. Fanya jaribio lake la ucheleweshaji, linalopima kompyuta inachelewa kiasi gani kutoa amri, kabla ya kuamini kompyuta yoyote. Laptopu nyingi zinafeli hapo.

Swichi ya dharura ikate umeme wa draivu kupitia kontakta (swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme). Isiishie kuituma kompyuta ujumbe, kompyuta nayo huganda. Swichi za mwisho wa safari ziunge umeme upite ndani yake muda wote, waya ukikatika mashine isimame.

Kitu ambacho watu wa video hawakisemi kwa sababu kwao umeme haukatiki: skrubu ya gololi haijizuii. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinaweza kushuka kwa uzito wake, kinavunja kisu na kuchimba kazi. Weka mota ya Z (mhimili wa juu na chini) yenye breki inayoshika umeme unapokosekana, au uzito wa kusawazisha upande wa nyuma. Mimi nina vyote viwili, na wala sioni kama nimezidisha.

Ukienda kuiona, piga picha kibati cha mota, kibati cha mashine na hiyo geji ikisoma kwenye mihimili yote mitatu, uziweke hapa. Tutajua kama bei yake ni halali.