Fundi Anajibu: Nyaya za Plagi za Kujitengenezea

SWALI: Fundi wetu, assalamu aleikum. Mimi na kaka yangu tunaunda gari la mashindano hapa Malindi, na tumelifunga injini ya Rover V8 ya lita 3.5 iliyotoka katika Range Rover kuukuu. Gari likiwa limesimama injini inanguruma vizuri, lakini tukilijaribu kwenye njia ya vumbi upande wa Gongoni na kukanyaga mafuta hadi mwisho, ikikaribia mizunguko 4,500 kwa dakika inaanza kumisi (kukosa kuwaka mara kwa mara) na kupiga mishindo kwenye kabureta. Nyaya za plagi ni za gari jingine. Nyingine ni ndefu kupita kiasi, na mbili zimeungua kwa kugusa ekzosi. Tunataka kutengeneza zetu kwa kipimo. Mafundi wa hapa wanatushauri tutumie waya wa shaba tupu kwa kuwa unapitisha moto mwingi. Je, ni kweli, na kazi yenyewe inafanywaje? – Msomaji, Malindi.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na shaba, maana ushauri huo nimeusikia tangu nikiwa mwanagenzi na bado unawagharimu watu. Koili ya gari, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, hutoa volti 20,000 na zaidi, lakini mkondo wake ni mdogo mno, na kabla cheche haijaruka kwenye mwanya wa plagi ni kama hakuna mkondo wowote unaopita katika waya. Kwa sababu hiyo ukinzani wa kawaida wa waya mzima hauipunguzii plagi volti inazohitaji ili cheche iruke. Kile ambacho shaba tupu itawaletea ni kelele ya umeme, kwa kuwa kila cheche inaporuka waya huo hutoa mawimbi kama antena, na mawimbi hayo huvuruga mita ya mizunguko, redio ya mawasiliano na kifaa chochote cha kielektroniki kinachoongoza moto wa injini.

Tafuteni waya wa msokoto wenye unene wa mm 8, yaani ule ambao kiini chake ni uzi mgumu uliozungushiwa waya mwembamba kama unywele, na juu yake pana ganda la silikoni. Ukinzani wake ni mdogo sana ukilinganishwa na waya wa kaboni (ule wenye kiini cha uzi uliotiwa kaboni), ambao mara nyingi huanzia ohmu 10,000 kwa mita, nao waya wa msokoto unastahimili mtikisiko. Waya wa kaboni unatosha kwa gari la kwenda sokoni. Niliwahi kuupasua mmoja uliotoka katika gari lililokuwa likimisi: nje ulikuwa uking'aa kama mpya, lakini sentimita moja tu kutoka kwenye tamino (kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) uzi wa ndani ulikuwa umekatika na kugeuka unga mweusi, kwa sababu mwenye gari alizoea kuchomoa plagi kwa kuvuta waya badala ya kushika kofia yake ya mpira.

Sasa nije kwenye hiyo mishindo, kwa maana nadhani chanzo chake hakiko katika aina ya waya peke yake. Zamu ya kuwaka ya Rover V8 ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda namba 1, 3, 5 na 7 zimepangana upande mmoja, na zile za shufwa upande wa pili. Ukiifuata zamu hiyo kwa kidole utaona kwamba ni jozi moja tu ya majirani wa upande mmoja inayowaka kwa kufuatana: 5 kisha 7. Nyaya zao zikilala pamoja, ubavu kwa ubavu, kwa urefu wa shibiri moja au zaidi, umeme wa waya wa 5 huamsha umeme katika waya wa 7 bila ya kugusana, na silinda namba 7 huweza kuwaka nyuzi 90 za mzunguko kabla ya zamu yake, wakati pistoni ingali inapanda. Hali hiyo hutokea zaidi mnapokanyaga mafuta, kwa kuwa hewa na petroli vikijaa katika silinda, cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka, na volti zinapopanda ndipo zinapovuka mipaka. Naomba msiliache gari likiendelea kupiga mishindo hiyo, kwani pistoni inaweza kutoboka. Zipangeni nyaya hizo katika vishikio vya plastiki ili waya wa 3 au wa 1 ukae kati ya 5 na 7, na pale ambapo hazina budi kukutana zipishane kama msalaba, zisilale sambamba.

Kuhusu kipimo, watu wengi hutumia uzi, na uzi hudanganya, kwa sababu unakunja kona ambazo waya wa mm 8 hauwezi kuzikunja. Chukueni kipande cha mpira wa maji wenye unene unaokaribiana na waya, mkipitishe njia ileile ambayo waya utapita, kutoka kwenye kifuniko cha distribyuta (kigawaji cha umeme wa plagi) hadi kwenye plagi, injini ikiwa imefungwa mahali pake. Kisha ongezeni sentimita 2 au 3, kwa kuwa injini huyumba juu ya mipira yake kila mnapoongeza au kupunguza mafuta, na waya uliovutika utachomoka. Kila waya uandikwe namba yake mara tu unapokatwa.

Katika kubana tamino ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Uvisheni waya kofia yake ya mpira kwanza, kwani tamino ikishabanwa hauingii tena. Kateni ganda kwa wembe kuzunguka, milimita 15 kutoka mwisho, lakini wembe usifike kwenye kiini. Ukifikisha nusu ya unene, pinda waya, nalo ganda litapasuka lenyewe na kuvutika kwa vidole. Kiini kilichobaki wazi kikunjwe kurudi nyuma juu ya ganda, kisha tamino ibanwe juu yake kwa koleo maalumu la kubania, ili chuma kishike kiini na ganda kwa pamoja. Koleo la kawaida huiponda tamino ikawa bapa, na waya hukatika ndani bila ya kuonekana. Mkimaliza, uvuteni kwa nguvu ya mkono. Ukiteleza hata kidogo, kateni muanze upya.

Pimeni kila waya kwa mita ya umeme huku mkitikisa miisho yake. Namba isirukeruke, na waya mrefu usome zaidi ya mfupi kwa uwiano wa urefu wao. Waya wa katikati, utokao kwenye koili, nautilia mkazo wa pekee: katika mizunguko 6,000 kwa dakika hupitisha cheche 400 kila sekunde, ilhali kila waya wa plagi hupitisha 50 tu.

Silikoni huvumilia joto la takribani nyuzi 200 za Selsiasi, na mabomba ya ekzosi ya gari la mashindano huzidi hapo kwa mbali. Wekeni nafasi ya vidole viwili, na panapokosekana nafasi uvisheni waya soksi ya nyuzi za kioo. Usiku, injini ikiwaka, zimeni taa na mtazame: mkiona mstari wa buluu ukicheza juu ya waya, hapo ndipo moto unapotoroka. Kwetu pwani chumvi ya hewani hujenga utando juu ya ganda na umeme hutembea juu yake, kwa hiyo zifuteni kwa kitambaa safi kila mara.

SWALI: Fundi, mimi ni nahodha wa boti ya abiria kati ya Mokowe na Amu. Mashine yangu ya petroli inamisi asubuhi kukiwa na umande, na nikifungua kofia ya plagi naona kijani ndani yake. Je, ni lazima ninunue koili nzima? – Msomaji, Lamu.

JIBU: Nahodha, subiri kwanza. Kijani hicho ni kutu ya shaba. Katika mashine nyingi za boti kofia ya plagi imefungwa kwa skrubu iliyo ndani yake, nayo hufunguka ukiizungusha kinyume cha saa. Ikifunguka, kata waya milimita 5 hadi 10 mpaka uone shaba inayong'aa, kisha ununue kofia mpya yenye ukinzani uleule wa ile ya zamani. Nyingi ni za ohmu 5,000. Ikiwa waya ni mfupi kiasi kwamba hauwezi kukatwa, au shaba imekuwa nyeusi hadi ndani, hapo koili haina budi kubadilishwa. Kabla ya kuirudisha kofia, paka grisi ya silikoni kwenye mdomo wake wa mpira, upande wa plagi na upande wa waya, kisha ukaze kamba ya plastiki pale mpira unapoushika waya ili maji ya bahari yasipate njia.